Walimu wa Kiswahili Mjini Berlin

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutajwa kwa kumwonya mgeni asikae bure akala vya watu. Lakini ina upande wa pili ambao hausemwi sana. Mtu hakabidhiwi jembe ila pamoja na shamba la kulima. Na mwenye kulima shamba la nyumba hula sinia moja na wenye nyumba, huitwa kwa jina lake, na akifa huzikwa na jirani zake. Jembe, basi, ni mzigo na ni heshima pia. Habari za Waswahili waliokwenda Ujerumani kufundisha lugha yao, tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa hata Vita Kuu ya Pili, ni habari za watu waliopewa jembe wakalima vizuri, kisha kila mmoja wao akaja kujua kwa njia yake ni fungu gani la heshima ile alilopewa, na ni fungu gani alilonyimwa.

Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin, chini ya Chuo Kikuu cha Friedrich Wilhelm, Seminari ya Lugha za Mashariki. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Eduard Sachau, mwanachuoni wa Kiarabu na Kisiria. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Carl Peters azunguke Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za majumbe juu ya karatasi ambazo wengi wao hawakuweza kuzisoma. Mwaka 1888 pwani nzima iliondoka katika vita vilivyotajwa kwa jina la Abushiri bin Salim, na mwaka 1891 dola ya Ujerumani ilichukua yenyewe utawala wa nchi kutoka kwa kampuni ya Peters. Dola hiyo ilitambua upesi kuwa mtawala asiyejua lugha ya watu wake hutawala kwa mkalimani, na atawalaye kwa mkalimani hutawaliwa nusu na mkalimani huyo. Nyaraka za maliwali, maakida na wafanya biashara wa pwani ziliandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kile kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ofisa aliyetumwa Kilwa au Tabora ilimpasa aweze kuamkia, kuhoji, kusikiliza shauri, na kusoma barua bila ya kumpa mwingine amsomee.

Utaratibu wa mafunzo ulikuwa huu. Mwalimu wa Kijerumani alifundisha sarufi. Kando yake alikaa mwalimu mwenyeji wa lugha, ambaye kazi yake ilikuwa matamshi, mazungumzo na kusoma maandiko. Mwalimu wa kwanza wa Kijerumani kwa Kiswahili alikuwa Carl Gotthilf Büttner, aliyekuwa zamani mmisionari kusini-magharibi ya Afrika, aliyefariki mwaka 1893. Baadaye alikuja Carl Velten, ambaye alikuwa amekaa Dar es Salaam akiwa mkalimani wa gavana. Wanafunzi walikuwa vijana waliotazamiwa kuwa maofisa wa serikali na wa jeshi, wafanya biashara, na wamisionari. Mwalimu wa Kijerumani alikuwa juu kwa cheo. Mwalimu mwenyeji alikuwa chini yake, na kazi yake ilikuwa ya mapatano ya muda.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kazi yenyewe. Darasani mwalimu ni mkubwa na mwanafunzi ni mdogo. Ndivyo ilivyo katika chuo cha Kurani cha Bagamoyo, na ndivyo ilivyo Berlin. Mwanafunzi asiyeweza kutamka ng'ombe bila ya kulivunja neno hana budi ainamishe kichwa, asikie, arudie, akosolewe, arudie tena. Lakini kijana yule yule aliyekosolewa leo alikuwa kesho apande meli, na mwezi ukimalizika awe bwana shauri katika nchi ya mwalimu wake, mwenye amri juu ya ndugu na jamaa za mwalimu huyo. Kila mara mwalimu aliposahihisha kosa alikuwa akimsahihisha mtawala wake. Watu wachache katika historia ya ualimu wamekaa katika kiti cha namna hiyo.

Waliotangulia kukikalia walitoka Unguja. Wa kwanza alikuwa Sleman bin Said. Baada yake alikuja Amur bin Nasur, aliyefundisha tangu mwaka 1891 hata 1895. Amur aliandika habari za safari yake na za mji wa Berlin, nazo zilichapishwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa Büttner wa maandiko ya Kiswahili. Ni jambo la kutazamwa vizuri. Karne ile ilijaa vitabu vya Wazungu waliokwenda Afrika wakaandika waliyoyaona. Hapa alikuwa mtu wa Unguja aliyekwenda Ulaya akaandika aliyoyaona, kwa lugha yake, kwa macho yake. Miaka michache baadaye Selim bin Abakari alifanya vivyo hivyo, akasimulia safari yake kutoka Dar es Salaam hata Berlin, na nyingine ya Urusi na Siberia. Maelezo hayo ya Selim yamo katika kitabu cha Velten cha safari za Waswahili kilichotoka mwaka 1901.

Lakini kuna tofauti kati ya msafiri na mkaazi. Msafiri hustaajabu, na mastaajabu yake humtosha. Ajapo kwao ana la kusimulia barazani. Mkaazi mastaajabu humwishia katika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo hubakiwa na mambo madogo: kuni za kuotea moto, kiatu kinachovuja, mwenye nyumba anayedai kodi, jirani anayesalimu au asiyesalimu. Mambo hayo hayasimuliwi barazani kwa kuwa hayana fahari. Walakini ndiyo yanayomfanya mtu akae au asikae.

Aliyekaa kupita wote alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo, akasoma elimu ya dini, akaingia katika kazi za serikali ya Kijerumani ya kukusanya kodi. Bagamoyo ya ujana wake ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya Unyamwezi iliingia na kutoka, pembe zikihesabiwa, wapagazi wakilala kwa maelfu nje ya mji wakingoja safari. Mtu aliyekulia hapo hakuwa mshamba wa mambo ya dunia. Mwaka 1900 Velten alimpeleka Berlin kushika kazi ya ualimu katika Seminari.

Jambo la kwanza linalogeuka kwa mtu wa pwani akifika kaskazini ni saa. Mswahili huhesabu saa zake kwa jua: likichomoza na kupanda ni saa moja, likizama ni saa kumi na mbili, na usiku huanza hesabu yake upya. Hesabu hiyo ni ya kweli Bagamoyo, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Berlin si ya kweli. Mwezi wa Desemba jua hutoka huko saa mbili na robo, nalo huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi wa Juni mchana hukaribia saa kumi na saba. Ukimwambia mwanafunzi wa Berlin kuwa saa moja ni asubuhi kumekucha, naye atazama dirishani katika Desemba akaona giza, huna la kumfanyia ila kumweleza kuwa lugha nayo ina nchi yake. Kadhalika usiku wa Ijumaa wa Waswahili ni ule uangaliao Ijumaa, ambao Mjerumani huuita jioni ya Alhamisi. Kwa hiyo mtu aliyeishi katika lugha zote mbili aliishi katika kalenda mbili.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1318 wa Hijra, wa kwanza kumkuta Mtoro huko, uliingia katika siku za mwisho za Desemba 1900, wakati mchana wa Berlin ni mfupi kuliko wote. Kwa hesabu ya saa mfungo wa namna hiyo ni mwepesi. Lakini mfungo si saa tu. Mfungo wa pwani una mwezi unaotazamwa na mji mzima, una futari inayopelekwa nyumba kwa nyumba, una tarawehe. Berlin ya mwaka ule haikuwa na msikiti wa jumuiya. Msikiti wa mbao ulijengwa Wünsdorf, nje ya mji, mwaka 1915, nao ulikuwa kwa ajili ya wafungwa wa vita. Ule wa Wilmersdorf ulianza kujengwa mwaka 1924. Mtu aliyelelewa kusali katika safu, bega kwa bega na wenziwe, alipaswa kujifunza kusali chumbani.

Katika chumba cha namna hiyo, katika miaka yake ya kwanza ya ugeni, Mtoro alifanya kazi kubwa kuliko zote za maisha yake. Mwaka 1903 kilitoka mjini Göttingen kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro pamoja na Waswahili wengine. Humo mna uzazi na malezi, michezo ya watoto, chuo na mwalimu wake, jando na unyago, posa na harusi, maamkizi, mavazi, ngoma na pepo, kilimo, safari za bara, utumwa, madeni na rehani, maradhi, matanga na mirathi. Ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa hata kuzikwa. Serikali ilikitaka kitabu hicho kwa faida yake, ili maofisa wake wajue desturi na sheria za watu waliotawaliwa. Na msomaji mwenye haki hana budi kulikumbuka hilo. Lakini kitabu kilizidi haja ya aliyekiagiza. Mtu hawezi kueleza kwa ukamilifu namna ile jinsi mgeni anavyokaribishwa, maneno anayoambiwa na maneno anayojibu, ila awe amekaa mbali na nyumba yake na kuipitia chumba kwa chumba katika moyo wake. Aliye kwao hapaoni kwao, hupaona aliyeondoka.

Jina lililokuwa mbele katika kitabu lilikuwa la Velten. Ilipita karibu miaka themanini kabla ya jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari kuwekwa mbele, katika tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1981. Ukweli huu usipitwe upesi. Mlimaji alikuwa amelima, na mavuno yalikuwa yamejaa ghala. Lakini ghala liliitwa kwa jina la mwingine.

Mwezi wa Oktoba 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyefanya kazi ya kiwanda. Katika mambo yote ya kukaa ugenini hakuna lililo la kawaida kuliko hili. Mtu akikaa miaka, akapata kazi, akajua lugha, hutafuta mwenzi. Pwani ya Afrika ya Mashariki yenyewe imejaa watu ambao babu zao walikuja na pepo za kaskazi, wakaoa, wakakaa, na wajukuu wao wakawa Waswahili. Kwa desturi ya Bagamoyo ndoa ni mahali mgeni anapokoma kuwa mgeni. Kwa desturi ya dola iliyomwajiri Mtoro mambo yalikuwa kinyume: ndoa ndiyo iliyodhihirisha kuwa hatakoma kuwa mgeni kamwe.

Mwaka 1905 kazi yake ya Seminari ilikoma, naye alipanda meli pamoja na mkewe kurudi kwao. Serikali ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, chini ya Gavana von Götzen, ilikataa wasiingie nchini kama mume na mke. Sababu yake haikuwa siri. Utawala wa wachache juu ya wengi husimama juu ya kuaminiwa kuwa wale wachache ni watu wa namna nyingine; na mwanamke wa Kijerumani akikaa Bagamoyo katika nyumba ya Mwafrika, akiteka maji na kusalimiana na majirani, angalikuwa kila siku ushahidi wa kuwa si watu wa namna nyingine. Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, ilizuka vita ya Maji Maji huko kusini, na mwaka uliofuata serikali ilizuia kabisa ndoa za namna hiyo katika koloni. Mtoro na Bertha walirudi Ujerumani wote wawili.

Tangu siku hiyo neno ugenini lilibadilika maana kwake. Kabla ya hapo alikuwa mtu aliye mbali na kwao. Baada ya hapo alikuwa mtu aliyefungiwa mlango wa kwao, na waliomfungia ndio wenye nchi aliyokaa. Alipata kazi kwa muda Hamburg, akimsaidia Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, katika Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa huko mwaka 1908. Kisha alikaa tena Berlin, akipata riziki kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika ya Mashariki mbele ya Wajerumani. Ni riziki ngumu kwa maana nyingine. Mtu aliyeandika kitabu cha nchi yake ili isomwe na wageni sasa aliisimulia nchi hiyo jioni kwa jioni, na kila mwaka uliopita nchi aliyoisimulia ilizidi kuwa ya kumbukumbu.

Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta huko. Majira ya baridi ya 1916 na 1917 watu wa miji ya Ujerumani walikula mizizi ambayo kwa kawaida hupewa ng'ombe, na Ramadhani ya mwaka 1335 iliingia mwezi wa Juni 1917, ikawa mfungo wa Berlin ni wa mchana mrefu kupita wote. Vita vilipokwisha, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na Waafrika waliokuwamo Ujerumani wakawa watu wa nchi ambayo haikuwa tena ya Ujerumani, hali hawakuwa raia wa Ujerumani pia. Mwaka huo huo Mdachi bin Sharifu, aliyefundisha Kiswahili katika Seminari wakati wa vita, alisimama hadharani mjini Berlin akaeleza ukatili wa utawala wa kikoloni kama alivyoujua. Miaka mingi mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekosoa matamshi. Sasa mmoja wao alikosoa matendo. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Hakurudi Bagamoyo.

Wa mwisho katika safu hii alikuja bila ya kuitwa. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kijerumani, na mwaka 1914 aliingia vitani pamoja na baba yake, yeye akiwa mtoto wa miaka kumi. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa ya mwaka 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa, naye aliambiwa kuwa amechelewa. Akakaa. Alipata kazi ya kupokea wageni mezani katika nyumba kubwa ya starehe iliyoitwa Haus Vaterland. Alifundisha Kiswahili Chuo Kikuu, mahali pale pale walipofundisha Amur na Mtoro. Aliigiza katika filamu. Mwezi wa Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Ulikuwa ni mwezi ule ule ambao Adolf Hitler alikabidhiwa serikali.

Utawala huo ulitaka makoloni yarudishwe, na kwa ajili hiyo ulihitaji maofisa wa kesho wanaojua Kiswahili. Hivyo ulimhitaji mwalimu. Utawala huo huo ulishika sheria ya damu, na kwa sheria hiyo mwalimu hakuwa mtu. Husen aliishi miaka kadhaa katika ufa uliokuwa kati ya haja na chuki. Mwaka 1941 alionekana katika filamu ya kumsifu Carl Peters, yule yule wa karatasi za Usagara. Na mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuhusiana na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa bila ya hukumu katika kambi ya Sachsenhausen. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kijiwe cha shaba chenye jina lake kilipachikwa chini mbele ya nyumba aliyokaa katika Brunnenstraße.

Yamkini mtu atasema kuwa habari hizi ni za watu wachache sana, na kwamba wachache hawapimi karne. Ni kweli walikuwa wachache. Lakini walisimama mahali ambapo jambo lilionekana wazi kuliko mahali pengine. Maelfu ya Waafrika walifanyia kazi dola ile kwa mikono, katika mashamba na reli na misafara, na dola iliweza kujidanganya kuwa inahitaji mikono tu. Mwalimu wa Kiswahili hakuwa mikono. Kazi yake ilikuwa akili, ulimi na adabu, vitu ambavyo haviwezi kuchukuliwa kwa mtu bila ya kukiri kwanza kuwa anavyo. Ndiyo maana kila mmoja alipojaribu kuishi kwa ukamilifu wa utu wake, kuandika kwa jina lake, kuoa, kurudi kwao, kudai haki yake, dola ilishtuka kana kwamba ameiba.

Mkaazi wa ugenini hupimwa aghalabu kwa maswali mepesi: je, ameizoea baridi, amekijua chakula, ameipata lugha? Walimu hawa waliyapita maswali hayo yote. Waliizoea baridi, waliipata lugha, na zaidi ya hapo waliwapa wenyeji lugha yao wenyewe. Kilichosalia hakikuwa juu yao. Kuzoea nchi ni kazi ya mgeni. Kumzoea mgeni ni kazi ya nchi, na kazi hiyo ya pili haiwezi kutendwa na mgeni kwa niaba ya mwenyeji, hata akilima usiku na mchana.

Kitabu cha Mtoro kingali kinasomwa, na wanafunzi wa pwani hukitafuta ili wajue bibi na babu zao walivyoposa, walivyozika na walivyoamkiana. Humo mna mlango kuhusu mgeni anayefika. Yeye aliyeueleza alifika nchi mbili katika maisha yake akiwa na mkewe ubavuni, mojawapo ikiwa yake mwenyewe.